Chanjo ya Malaria na Mwano wa Mwilini: Kweli au Si Kweli?

Huku Nassa, wezi wakiswaga ng'ombe usiku, hakuna anayekaa kusubiri gari la polisi. Aliyegundua hupiga yowe, lile ambalo Wasukuma huliita mwano. Jirani akilisikia hulipokea na kulipeleka mbele, na baada ya muda mfupi vijiji vitatu vinne viko nje na mishale. Wengi wa waliotoka hawajamwona mwizi wala hawajui ng'ombe ni wa nani. Wametolewa nje na sauti.

Mfano huu ndio ninaoutumia nikiongea na ndugu zangu wa huku Busega, mkoani Simiyu, kuhusu kinachotokea mtoto anapochanjwa. Askari wa mwili nao hawatoki kwa sababu tu mdudu ameingia. Hutoka kwa sababu chembe iliyokutana na mdudu imetoa ishara. Ishara hizo ni protini ndogondogo zinazoitwa saitokini: intaferoni, intalukini na nyingine nyingi, kila moja na ujumbe wake. Ipo inayosema njooni hapa, ipo inayosema pandisheni joto, ipo inayosema sasa tulieni. Watafiti wa chanjo ya malaria wametumia miongo kadhaa kutafuta kipande cha kimelea cha kuuonyesha mwili. Kazi ambayo haisemwi sana, nayo kwangu ndiyo iliyoleta ushindi, ni ile ya kujifunza jinsi ya kupiga mwano.

Katika kata zilizozungukwa na majaruba ya mpunga, malambo ya ng'ombe na mwambao wa Ghuba ya Speke, hakuna mzazi asiyejua degedege ni nini. Ndiyo maana habari za chanjo zimefika kabla ya chanjo yenyewe, zikiwa zimechanganyika na mengine. Haya ndiyo ninayoyasikia.

“Chanjo ya malaria ni malaria kidogo anayotiwa mtoto.” Si kweli.

Mbu jike aliyebeba malaria akiuma hutema vimelea vichache tu. Kwa muda usiozidi saa moja hivi vinakuwa vimefika kwenye ini, na humo hujificha na kuzaana kwa takriban wiki nzima bila mtoto kuonyesha dalili yoyote. Vikitoka ini vinakuwa maelfu kwa maelfu, vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa inapoanza.

Chanjo mbili zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S na R21, zinalenga ile safari fupi ya kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ini. Wataalamu walichukua kipande cha protini inayokifunika kimelea kama koti, wakakiunganisha na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Protini hiyo ya RTS,S hutengenezwa ndani ya hamira, ya jamii ileile inayoumua maandazi. Hakuna kimelea humo, na kipande cha koti hakizaani. Mtoto hawezi kupata malaria kutokana nacho.

Ipo chanjo nyingine iitwayo PfSPZ, inayotumia vimelea vizima vilivyodhoofishwa. Nayo imefanyiwa majaribio Bagamoyo, lakini siyo inayotolewa kwenye kliniki za Kenya na Uganda.

“Dawa ni kile kipande. Mengine kwenye kichupa ni maji ya kuongezea.” Si kweli.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa habari yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijiji cha Idete, karibu na Ifakara katika bonde la Kilombero, kilikuwa mahali pa kwanza Afrika kuijaribu kwa watoto chanjo ya malaria iitwayo SPf66, kazi ya Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia. Watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano walishiriki. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Kisha ikajaribiwa Gambia, ikajaribiwa Thailand, ikarudi Ifakara kwa watoto wachanga, na kote huko kinga haikuonekana. Ikawekwa kando.

Kipande cha SPf66 kilikuwa na udhaifu wake, hilo wataalamu wanalikubali. Lakini angalia kilichochanganywa nacho: chumvi ya alumini, kichocheo cha zamani ambacho kimetumika kwenye chanjo nyingi kwa miongo mingi. Alumini huuamsha mwili utengeneze kingamwili, lakini si hodari wa kuziamsha chembe zinazoua vilivyojificha ndani ya chembe nyingine. Kwa adui anayekimbilia ini ndani ya saa moja, yowe hilo ni la chinichini.

Jibu lilikuja mwaka 1997. Katika taasisi ya jeshi ya Walter Reed huko Marekani, RTS,S ilichanganywa kwa njia tatu, kila moja na vichocheo vyake. Watu wazima waliojitolea walichanjwa, kisha wakaumwa kwa makusudi na mbu wenye malaria, huku madaktari wakiwa tayari na dawa. Katika kundi la kwanza, lililopata alumini na kichocheo kimoja cha ziada, kati ya watu 8 alikingwa 1. Kundi la pili, kati ya 7 walikingwa 2. Kundi la tatu, kati ya 7 walikingwa 6.

Soma tena namba hizo. Kipande kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni yowe.

Mchanganyiko ule wa tatu ulirekebishwa baadaye, ukawa kichocheo kinachoitwa AS01. Kina vitu viwili vilivyofungwa ndani ya vifuko vidogo sana vya mafuta. Kimoja hutokana na ukuta wa bakteria wa jamii ya Salmonella, kikiwa kimeondolewa sehemu kubwa ya sumu yake. Kingine nitakieleza chini. Sindano ikishaingia, mchanganyiko husafiri hadi kwenye tezi zilizo karibu, za jamii ileile inayovimba mtu akipata kidonda mguuni, tukaiita mitoki. Askari wa doria waliomo humo wanahisi kama bakteria wamevamia. Ndani ya saa chache intaferoni gama inamwagika. Hiyo ndiyo saitokini inayowaamsha wapelelezi wa mwili, wanaokibeba kipande cha kimelea na kwenda kuzionyesha chembe nyeupe za damu ziitwazo T, nazo huziamuru nyingine ziitwazo B zitengeneze kingamwili. Kelele hizo hutulia kwa siku chache. Kazi waliyoianza waliotoka huendelea kwa wiki nyingi.

Kwa hiyo chanjo za leo hazimdungi mtoto saitokini. Humdunga kitu kinachoufanya mwili wake utoe saitokini zake wenyewe, pale panapohitajika, kwa muda mfupi.

“Eti ndani mna magome ya mti.” Kweli.

Wengi hushangaa nikikubali hili. Kile kitu cha pili ndani ya AS01 ni sehemu iliyosafishwa ya utomvu wa magome ya mti wa Quillaja saponaria, unaoota Chile. Gome lake likisuguliwa kwenye maji hutoa povu, na watu wa huko wamelitumia kufulia tangu zamani. Matrix-M, kichocheo cha R21, nacho kinatokana na mti huohuo.

Kwa Msukuma aliyekua akiona magome yakichemshwa, habari hii ina ladha ya nyumbani. Lakini asije mtu akachemsha gome lolote lenye povu akamnywesha mtoto. Kinachoingia kwenye kichupa kimechujwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno, na sehemu nyingine za gome hilohilo hupasua chembe za damu.

“Sisi tumeizoea malaria, kwa hiyo chanjo itatushika vizuri kuliko Wazungu.” Si kweli.

Mantiki yake inaeleweka: aliyepigana na mwizi mara nyingi si ndiye anayemjua zaidi? Mwili haufuati hesabu hiyo. Vijana wa Kitanzania walipopewa PfSPZ kule Bagamoyo, katika kazi iliyoongozwa na Said Jongo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, kingamwili walizotengeneza zilikuwa chache kuliko za Wamarekani waliopewa dozi zinazofanana. Mwili uliosumbuliwa na vimelea miaka mingi hujifunza kuvivumilia. Kijiji kilichosikia mwano kila usiku kwa miaka kumi, mwaka wa kumi na moja wengine hujigeuza tu kitandani.

Hii ni sababu mojawapo ya kuanza chanjo utotoni, kabla mwili haujazoea, na ni sababu ya kutafuta vichocheo vyenye nguvu zaidi kwa ajili ya watu wa maeneo kama Kanda ya Ziwa. Chanjo iliyofanya vizuri Oxford au Maryland lazima ithibitishwe kwenye mwili wa mtoto anayeishi kando ya jaruba.

“Kama saitokini ndizo zinazofanya kazi, wadungwe saitokini zenyewe.” Kweli nusu, na nusu nyingine ni ya hatari.

Wazo hili si la kijiweni tu. Mwaka 1994 watafiti wa jeshi la majini la Marekani, akiwemo mwanasayansi Mghana Martha Sedegah, waliwadunga panya saitokini iitwayo intalukini-12 kisha wakawapa vimelea vya malaria. Panya walikingwa. Watafiti walipoizuia intaferoni gama isifanye kazi, kinga ikatoweka, na hivyo wakajua mlolongo ulivyo: intalukini-12 inaiita intaferoni gama, na intaferoni gama inakiua kimelea kikiwa bado kwenye ini. Mwaka 1997 kundi hilohilo likatangaza habari ya nyani. Nyani 7 walipewa dozi moja siku mbili kabla ya kuambukizwa, na wote 7 hawakupata malaria. Hawakuwa wamepewa chanjo ya aina yoyote. Lilikuwa yowe peke yake.

Mbona basi hatuna sindano ya intalukini-12? Kwa sababu mwaka 1995, katika jaribio la kuitumia kutibu saratani ya figo, wagonjwa wengi walizidiwa na wawili wakafariki. Saitokini ikitiwa kwa wingi kwenye damu husikika mwili mzima kwa wakati mmoja. Presha hushuka, ini na mapafu huumia. Wazee wa sungusungu, ulinzi wetu wa vijijini, wanalijua hili kwa namna yao: mwano uliopigwa ovyo umewahi kumuua mtu asiye na hatia. Mgonjwa wa saratani anaweza kukubali hatari kubwa akitafuta uhai. Mtoto mzima wa miezi mitano, aliyeletwa kliniki akicheka, hapaswi kubebeshwa hatari ya namna hiyo.

Watafiti hawakuliacha wazo. Walijaribu kutia jeni ya saitokini nyingine, GM-CSF, pamoja na chanjo ya DNA ya malaria. Kwa panya ilisaidia. Kwa Wamarekani waliojitolea, chanjo ya jeni tano iliyotiwa GM-CSF haikumkinga hata mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wengine wamekiunganisha kipande cha malaria moja kwa moja na protini ya ishara inayowavuta wale wapelelezi wa mwili, ili ishara isisambae bali ifuatane na kipande popote kiendapo. Kwa panya matokeo yametia moyo. Mimi naiona njia hii ya mwisho kuwa yenye busara zaidi, ingawa kutoka kwa panya hadi kwa mtoto wa Nassa ni mbali, na GM-CSF imeshatufundisha.

“Akipata homa baada ya sindano, chanjo imemdhuru.” Mara nyingi si kweli.

Intalukini-1 na intalukini-6 ni miongoni mwa saitokini zinazotolewa mwano unapopigwa, na ujumbe wao hufika hadi ubongoni, ubongo ukapandisha joto. Homa ya siku moja, uvimbe mdogo pajani na kulialia ni sauti ya kazi inayofanyika. Wala asiyepata homa asidhaniwe kuwa chanjo haikushika. Wapo watoto wengi waliokingwa ambao hawakuchemka hata kidogo.

Lakini wazazi waambiwe ukweli wote. Kwenye majaribio ya RTS,S, watoto wachache walipata degedege la homa ndani ya siku saba baada ya kuchomwa. Na katika eneo lenye mbu, mtoto anaweza kuchanjwa leo akiwa tayari amebeba malaria iliyoingia wiki iliyopita. Kwa hiyo homa isiyoshuka siku ya pili, au mtoto akikataa kunyonya, akilegea au akitetemeka mwili, ni kwenda zahanati apimwe. Asiachwe nyumbani kwa kudhani ni chanjo tu.

“Inafunga kizazi.” Si kweli.

Hakuna chochote ndani yake kinachogusa viungo vya uzazi. Protini ya homa ya ini B iliyomo inafanana na ile ambayo watoto wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa nayo kwa miaka mingi ndani ya chanjo ya pentavalenti.

“Walianza na watoto wa Kiafrika, kama panya.” Si kweli, na historia yenyewe inawapa heshima Waafrika.

Wa kwanza kuumwa na mbu walikuwa watu wazima wa Marekani, wale wa mwaka 1997 na waliowatangulia. Ilipofika zamu ya Afrika, kazi iliongozwa kwa sehemu kubwa na Waafrika. Jaribio kubwa la RTS,S, lililoanza Bagamoyo Mei 2009, lilishirikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe. R21 nayo ilijaribiwa kwa watoto 4,800 katika nchi nne, vituo vya Bagamoyo na Kilifi, Kenya, vikiwemo. Katika maeneo yenye malaria mwaka mzima ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 ndani ya mwaka wa kwanza. Pale ilipotolewa kabla tu ya msimu wa mvua ilifikia asilimia 75.

Homa Bay nchini Kenya, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, watoto walianza kupata RTS,S Septemba 2019, wakiwafuata wa Ghana na Malawi. Katika maeneo hayo vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, vya sababu zote isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Uganda ilianza na R21 Aprili 2025, uzinduzi ukifanyika Apac. Hadi katikati ya mwaka huo Tanzania ilikuwa haijaiingiza kwenye ratiba yake, ingawa watoto wake walisaidia kuthibitisha chanjo zote mbili. Naliandika hili kwa uchungu. Mama wa Korogwe aliyekubali mwanawe achomwe, apimwe damu na kufuatiliwa kwa miaka, aliwafungulia mlango watoto wa Kameruni na Burkina Faso, na anastahili kuona mlango huo ukifunguliwa kwake.

“Ikifika, vyandarua tutafunikia vifaranga.” Si kweli, tafadhali.

Asilimia 68 maana yake bado kuna malaria. Na tuna ushahidi wa karibu kabisa juu ya vyandarua. Wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, timu ya Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ililinganisha aina za vyandarua katika vijiji 72. Baada ya miaka miwili, waliopewa chandarua chenye dawa ya kawaida walikuwa na watoto asilimia 45.8 wenye malaria. Waliopewa chandarua kilichoongezwa dawa ya klofenapiri walikuwa na asilimia 25.6. Tofauti kubwa kiasi hicho imetokana na kitambaa na dawa. Chanjo juu ya chandarua kizuri ni nguvu juu ya nguvu.

“Dozi tatu zinatosha.” Si kweli.

Kilifi, timu ya Ally Olotu iliwafuatilia kwa miaka saba watoto 447 wa jaribio lililotoa dozi tatu za RTS,S peke yake. Mwaka wa kwanza kinga ilikuwa karibu asilimia 36. Ikapungua mwaka hadi mwaka, na wastani wa miaka yote saba ukawa asilimia 4.4. Katika maeneo yenye mbu wengi zaidi, mwaka wa tano waliochanjwa waliugua zaidi kuliko wenzao, huenda kwa kuwa hawakupata nafasi ya kujijengea kinga ya kawaida utotoni. Kingamwili huisha, na chembe zenye kumbukumbu zinahitaji kusikia mwano tena. Katika jaribio lile kubwa, watoto waliopata dozi ya nne walikingwa kwa asilimia 36 ndani ya miaka minne. Walioikosa, asilimia 28.

R21 huanza mtoto akiwa na miezi mitano, dozi tatu zikipishana mwezi mmoja, kisha ya nne mwaka mmoja baadaye. Hiyo ya nne haiko mbali na sindano ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, ambayo ndiyo mama wengi wa huku huikosa, kwa kuwa mtoto anatembea na kadi ya kliniki imeshawekwa chini ya sanduku.

Nilipomweleza hayo shangazi yangu, alikunja vidole akahesabu kwa mjukuu aliyezaliwa Juni, pamba ikivunwa. Novemba, Desemba, Januari. Kisha Januari nyingine, mwezi wa kupandikiza mpunga, mama yake akiwa jarubani tangu alfajiri.

“Basi hiyo ya nne, baba,” akaniambia, “ikifika huku, nitampeleka mimi.”